Chora msonobari wa baridi pamoja na wapangaji wake

Kama ulikulia Mufindi kama mimi, msonobari unaujua. Unaujua kwa mistari: mti, nafasi, mti, nafasi, mpaka macho yachoke. Mingi ya ile ya Sao Hill, shamba la miti la hukohuko, asili yake ni Mexico. Ilipandwa kwa mkono na itavunwa kwa msumeno. Ni mali, na imesomesha watoto wengi. Lakini ukiichora, umechora shamba.

Huku Uskoti nimekutana na ndugu yake, na huyu ni mwenyeji. Jina lake la kitaalamu ni Pinus sylvestris. Alifika mwenyewe baada ya barafu kuu kuyeyuka, maelfu ya miaka iliyopita, akafunika mabonde ya milimani. Britania nzima ina miti mitatu tu ya asili ya jamii ya misonobari na mierezi, na huu ni mmojawapo. Mwaka 2014 ulitangazwa kuwa mti wa taifa wa Uskoti.

Desemba ikifika, miti mingi mingine imebaki fito. Huu una majani yake yote. Ndiyo maana nakuambia uuchore sasa, kwenye baridi, wakati hakuna kingine cha kuuficha.

Kabla hujafungua rangi, shika jambo moja. Ukiuchora mti huu kama pambo la theluji, utapata pambo. Ukiuchora kama nyumba yenye wapangaji ndani, utapata mti. Mbinu zote hapa chini zinatoka kwenye jambo hilo.

Chagua bibi mmoja

Wenyeji wa milimani huiita misonobari mizee "mabibi". Tafuta bibi mmoja, ukae naye.

Msonobari kijana umechongoka kama hema. Unachoreka upesi na unasahaulika upesi. Ukizeeka, matawi ya chini hudondoka, shina hubaki wazi, na kichwa hupanuka na kubapa kama mwavuli uliopigwa na upepo mwingi. Mabibi wengi wana miaka 200 hadi 300. Kila tawi limepinda kwa sababu yake.

Chagua uliosimama mbali na wenzake. Kwenye msongamano utaona shina tu. Penye nafasi utaona matawi, kichwa, na mbingu ikipenya katikati.

Hujui uanzie wapi? Panda treni Edinburgh au Glasgow mpaka Aviemore, safari ya takriban saa tatu. Kutoka hapo msitu wa Rothiemurchus unafikika kwa miguu. Ndani yake kuna ziwa la Loch an Eilein, lenye magofu ya ngome kwenye kisiwa na misonobari pande zote. Ukiwa na siku zaidi, nenda misitu ya Abernethy au Glen Affric.

Huna nauli mwezi huu? Mti huu umepandwa pia kwenye bustani nyingi za mijini. Anza na ulio karibu, umbo lake litakufundisha. Wapangaji utawafuata baadaye.

Usiogope kuulizwa unafanya nini msituni. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kukaa kwenye sehemu kubwa ya nchi, mradi awe na adabu na asiharibu kitu.

Panga siku kwa kufuata jua

Mwisho wa Desemba huko milimani jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi. Saa tisa u nusu alasiri limeshazama. Una saa sita na nusu, basi. Usizipoteze kwenye chai.

Jua lenyewe halipandi. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ikalishe juu ya mstari wa upeo. Adhuhuri ya Desemba jua linaishia pale ngumi inapoishia, nyuzi 9 hivi juu ya upeo. Pima kwa mkono tu, usilikodolee macho.

Kwa mchoraji hii ni zawadi. Mwanga unaingia kwa ubavu mchana kutwa, kama vile kwetu unavyoingia asubuhi jua likiwa limechomoza muda si mrefu. Shina linang'aa upande mmoja na kuzama upande wa pili. Kivuli nacho kinakwenda mbali: mti wa mita 20 kwenye uwanda hutupa kivuli cha kama mita 120. Kiingize kivuli hicho kwenye picha. Ni nusu ya mchoro, na hakikugharimu kitu.

Fika saa nne. Chora mpaka saa nane. Saa moja na nusu inayobaki ni ya kufungasha na kurudi njiani ungali unaona miguu yako.

Mti hauendi ila kwa nyenzo

Wahenga walisema hivyo kwa wabeba magogo. Mimi nasema hivyo kwa wabeba brashi. Vifaa vyako viwe vichache, lakini viwe sahihi.

Miguu kwanza. Baridi hupandia chini. Beba kipande cha boksi nene au cha mkeka wa mpira, ukanyage hicho badala ya theluji. Hii peke yake itakuongezea nusu saa ya kazi.

Mikono. Vaa glavu nyembamba ndani na nene juu. Ukitaka kuchora mistari midogo, vua ile ya juu tu.

Karatasi ndogo. A5 inatosha. Karatasi kubwa kwenye baridi huishia katikati, na kazi ya katikati inakatisha tamaa.

Rangi. Ya mafuta haigandi kwa baridi ya kawaida ya huko. Inakuwa nzito tu, na matone mawili ya mafuta ya kitani yanailegeza. Ya maji inaganda. Ukiitumia, beba maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai na umimine kidogo kidogo. Wachoraji wengine huongeza matone ya pombe kali ili maji yachelewe kuganda. Kama hutaki pombe, chora kwa penseli na pasteli palepale, kisha upake rangi nyumbani.

Simu. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri ikipata baridi inaisha ghafla, na utaihitaji kwa picha za kumbukumbu na kwa usalama wako.

Chakula na kinywaji cha moto. Hili halina mjadala.

Dakika 10 za kwanza, usichore

Kaa tu. Anza kuangalia chini, halafu juu.

Chini ya mti kuna habari zote. Tafuta koni zilizotafunwa. Kindi akishakula mbegu, koni hubaki kama gunzi la hindi, dogo kama kidole, na vipande vya magamba vimetawanyika pembeni. Ukiona magunzi mengi mahali pamoja, hiyo ni meza yake ya chakula. Tazama tawi lililo juu yake.

Soma theluji. Nyayo zinatoka wapi, zinaishia kwenye shina gani? Kuna tawi moja halina theluji wakati mengine yamelemewa? Kuna aliyeruka kutoka hapo muda si mrefu.

Kisha sikiliza. Msitu wa baridi ni kimya, kwa hiyo kila mlio una mwenyewe.

Nikuambie kilichonifundisha hili. Siku moja ya Januari nilikaa chini ya bibi mmoja karibu na Loch an Eilein, nikaanza kuchora mara tu nilipofika. Kitu kikadondoka kwenye karatasi yangu mbichi. Kilikuwa gamba la koni, jembamba kama ukucha wa mtoto, kahawia, ncha imeng'atwa. Likafuata la pili. Nikainua kichwa. Kindi mwekundu alikuwa ameketi kwenye tawi kavu, anaizungusha koni mikononi kama mtu anayekula hindi la kuchoma. Masikio yake yalikuwa na vishungi vya nywele ndefu, vile anavyoviotesha kwa ajili ya baridi. Alipomaliza, akaliachia gunzi likaanguka thelujini. Halikutoa sauti.

Nilikuwa nimeshachora nusu saa na sikuwa nimemwona. Tangu siku ile dakika 10 za kwanza ni za macho.

Anza na weusi na weupe

Chora vijipicha vitatu vya ukubwa wa kiberiti. Kila kimoja dakika mbili. Penseli laini inatosha.

Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee. Utabakiwa na vivuli vitatu tu: kizito, cha kati na chepesi. Kwenye siku ya theluji, mbingu ya mawingu mara nyingi ni nyeusi kuliko ardhi. Watu wengi hukosea hapo kwa sababu wamezoea kinyume chake. Amini macho yako.

Chagua kijipicha kimoja. Usichague kilichopendeza zaidi. Chagua ambacho umbo la mti linatambulika hata ukikiangalia toka mita tatu.

Jenga kichwa kwa mafungu

Usichore sindano mojamoja. Majani ya mti huu hukaa mawili mawili, yana urefu wa sentimita chache tu, na yapo maelfu kwa maelfu. Ukiyafuata moja moja jua litazama hujamaliza tawi.

Yaone kama mafungu. Kila fungu ni kama wingu dogo lililokaa juu ya tawi: limebapa chini, limetuna juu. Kichwa cha bibi kina mafungu 10 hadi 15 makubwa. Hayo ndiyo unayoyachora.

Acha madirisha. Kati ya mafungu kuna matundu ambamo mbingu inaonekana, na ndege hupita humo. Ukiyaziba, mti unakuwa gunia. Yapake matundu rangi nyeusi kidogo kuliko mbingu yenyewe, la sivyo yataonekana kama madoa.

Sindano zichore mwisho, na pembeni tu. Mistari michache mifupi kwenye ukingo wa mafungu mawili au matatu, basi. Jicho la mtazamaji litajaza zilizobaki.

Kijani usikinunue, kichanganye

Kijani cha kwenye tyubu ni kijani cha migomba. Hapa hakifai. Majani ya msonobari huu yana ubuluu.

Chukua buluu ya ultramarini. Ongeza oka ya njano kidogo kidogo mpaka igeuke kijani kilichopoa. Hiyo ndiyo rangi yako ya msingi.

Upande wa kivuli, tia sienna iliyochomwa, ile kahawia nyekundu kama udongo wa kichuguu. Kijani kitazama bila kuwa cheusi. Rangi nyeusi ya tyubu iache nyumbani.

Upande wa jua, ongeza njano ya limau na nyeupe kidogo. Weka mahali pachache. Mwanga ukiuweka kila mahali, hakuna mwanga.

Shina lina rangi mbili

Hii ndiyo sifa ya mti huu, na ndiyo itakayomfanya anayeujua aseme, "Naam, ndio wenyewe."

Chini, gome ni nene, la kijivu na kahawia, limepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Juu, kuanzia katikati ya shina, gome ni jembamba kama karatasi, linabanduka, na rangi yake ni ya chungwa. Jua la saa nane likiligusa linawaka.

Chini tumia ultramarini na sienna, na uache brashi ikwaruze ikiwa kavu ili nyufa zijitokeze. Juu tumia sienna, oka na nyeupe. Usizitenganishe kwa mstari. Zichanganye polepole, kwa urefu wa mita mbili tatu za mti.

Chungwa hili na buluu ya theluji ni rangi zinazoinuana. Ndiyo sababu picha ya msonobari wa baridi inaweza kuchangamka hata siku ya mawingu. Ipe chungwa nafasi yake, usiifunike kwa matawi mengi.

Theluji isiwe nyeupe

Weupe wa karatasi au wa tyubu uutunze kwa sehemu moja au mbili tu, pale jua linapopiga moja kwa moja.

Kivuli cha theluji hubeba rangi ya mbingu. Siku ya mbingu safi ni buluu. Siku ya mawingu ni kijivu. Jua likikaribia kuzama, upande wa mwanga unapata njano na waridi, na kivuli kinaelekea zambarau.

Mchoraji Mrusi Ivan Shishkin ni mwalimu mzuri hapa. Mwaka 1891 alichora msonobari mmoja umesimama peke yake juu ya mwamba, umelemewa na theluji. Itafute picha hiyo uone buluu iliyojaa mle. Ni mti wa jamii hiihii, na ndipo utaona kwamba tawi lililobeba uzito huinama kuanzia katikati, siyo kwenye ncha peke yake.

Theluji pia ina unene. Ipe ukingo wa chini wenye kivuli chembamba. Bila kivuli hicho itaonekana kama chokaa iliyomwagika.

Sasa wape wapangaji nafasi

Mcheza kwao hutuzwa. Mti huu uko kwao, na viumbe wengi wa hapa wamepanga maisha yao juu yake. Baridi ikibana, ndiyo jiko na ndiyo blanketi. Wajue hawa wachache, utajua pa kuwaweka.

Yupo ndege mwenye mdomo uliopishana ncha kama mkasi mbovu. Jina lake la kitaalamu ni Loxia scotica, na hapatikani popote duniani isipokuwa Uskoti. Mdomo ule si mbovu hata kidogo: ni ufunguo wa kubandulia magamba ya koni. Dume ana rangi ya tofali, jike kijani cha zeituni. Mara nyingi huanza kutaga theluji ingalipo, kwa sababu mwisho wa baridi ndipo koni za msonobari zinapokaribia kufunguka. Mweke ncha ya tawi, ananing'inia karibu na koni.

Yupo mdogo kuliko wote, mwenye mstari wa njano utosini. Uzito wake ni gramu 5 au 6, sawa na karatasi moja ya A4. Anapitisha baridi akichokora wadudu katikati ya sindano. Mweke ndani ya fungu, kwenye kivuli.

Yupo mwenye kishungi cha madoadoa kichwani, ambaye Britania nzima anaishi kwenye misonobari ya milima ya Uskoti tu. Hutoboa kiota kwenye vigogo vilivyokufa.

Yupo capercaillie, kwale wa msituni, dume lake kubwa kama bata mzinga. Wakati wa baridi chakula chake kikuu ni hizihizi sindano unazozichora. Kaa ukiwaza hilo: jani lenyewe ndilo mlo.

Na yupo kindi, ambaye halali usingizi wa baridi. Lazima aendelee kutafuta chakula baridi nzima.

Chora mpangaji mmoja, na awe na ukubwa wake

Weka mmoja. Ukiweka wanne umechora bango la shule.

Piga hesabu kwanza. Mti wa mita 20 ukichorwa kwa sentimita 20, ndege wa sentimita 16 anakuwa na milimita 1.6. Huo ni mguso mmoja wa ncha ya brashi. Kindi, pamoja na mkia, ni kama milimita 4 tu. Usimchoree macho wala kucha. Mguso wa mwili, mguso wa mkia, umemaliza.

Hukumwona yeyote siku hiyo? Usimbuni. Chora alama zake: magunzi kwenye theluji, nyayo zinazoishia shinani, tawi moja lililopukutwa. Nyumba hujulikana ina watu hata kama mlango umefungwa.

Usiusafishe mti

Mkono wa mchoraji hupenda kurekebisha. Tawi kavu, unaliondoa. Kigogo kilichooza pembeni, unakiruka. Zile ndevu za kijivu na kijani zinazoning'inia kwenye matawi, unaziona uchafu.

Viache vyote. Tawi kavu ndiyo kiti cha kindi. Kigogo kilichooza ndiyo chumba cha yule mwenye kishungi. Ndevu zile ni kuvumwani, na ndege huficha akiba ya chakula chini yake. Kila ulichotaka kufuta kina mwenyewe.

Kwenye misonobari ya mistari hatuvioni sana vitu hivi kwa sababu matawi hupunguzwa kwa makusudi, ili mbao zisiwe na vifundo. Kwenye mti wa asili ndiyo thamani yenyewe. Ukivichora, unamwonyesha mtazamaji kitu ambacho hesabu ya mbao haikionyeshi.

Jua unachora masalia

Misitu hii ilikuwa mikubwa mno. Ikakatwa kwa karne nyingi. Magogo yalielea kwenye mto Spey mpaka pwani kujengewa meli, na vita kuu mbili za dunia zikamaliza mengine. Leo misitu ya asili ya msonobari iliyoorodheshwa rasmi ni vipande 84 tu. Hata hapo miche inapata shida, kwa sababu kulungu ni wengi na huila kabla haijafika kiunoni.

Kwa hiyo ukiona mche mdogo umechomoza kwenye theluji karibu na bibi, uchore. Huyo ni mjukuu. Mstari mmoja wa kijani, sentimita moja, unabadilisha maana ya picha nzima.

Adabu za mgeni

Kaa njiani, hasa kuanzia mwisho wa baridi mpaka kiangazi, ndege wanapotaga. Ndege akiruka kwa sababu yako anachoma nguvu aliyoihitaji apite usiku.

Usivunje tawi ili uone vizuri. Sogea wewe.

Maji machafu ya rangi na dawa za kusafishia brashi rudi navyo kwenye chupa. Usiwashe moto. Koni moja ya kumbukumbu inatosha. Magunzi chukua mengi utakavyo, yameshalipiwa.

Nyumbani, maliza haraka

Maliza jioni ileile au kesho yake. Baridi ikishatoka mwilini, rangi zake hutoka kichwani.

Usitumie picha ya simu kwa rangi. Simu hufanya theluji kuwa kijivu na vivuli kuwa vyeusi. Itumie kwa umbo tu. Kwa rangi, fuata ulichopaka kule, hata kama kinakushangaza.

Geuza picha, andika nyuma: tarehe, saa, hali ya hewa, mahali, na nani alikuja mtini. Miaka mitano ukirudi kwenye bibi yuleyule na kuandika tena, utakuwa na daftari la maisha ya mti mmoja.

Uko nyumbani Afrika Mashariki? Anza huko

Huna haja ya theluji. Subiri kipupwe, Juni na Julai, asubuhi ya ukungu. Usambara tafuta mwangati. Kwenye milima ya Kenya wengi huuita mtarakwa. Ni mti mmoja, Juniperus procera, mwenyeji wa nyanda zetu za juu, na majani yake hayapukutiki. Mbao zake ziliwahi kutengenezewa penseli, kwa hiyo una deni nao.

Mbinu ni zilezile: dakika 10 za macho, mafungu kabla ya majani, tawi kavu libaki, mpangaji mmoja kwa ukubwa wake. Muulize mzee wa hapo ni ndege gani hulala humo. Jibu lake andika nyuma ya picha.

Ile picha ya Loch an Eilein niliimaliza usiku uleule. Doa la gamba la koni liko pale chini kulia, sikulifuta. Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia mama Mufindi. Swali lake la kwanza lilikuwa la mtu wa Mufindi: "Unatoa mbao ngapi huo, mwanangu?" Nikamwambia, mama, huu hauvunwi. Akanyamaza. Nilijua anaikuza picha kwa vidole viwili, kama afanyavyo akitafuta sura za wajukuu. Kisha akasema:

"Kuna kitu chekundu hapa juu ya tawi. Kinakula."